Asali ya Mpera

Marehemu alikuwa azikwe saa nane kule Rejaf, na mtaa mzima wa Nyakuron, hapa Juba, ulishapiga hesabu ya yaliyobaki. Saa moja ya kuzika, nusu saa ya kusali na kulia, saa moja ya barabara yenye mashimo. Ikifika saa kumi na nusu wanaume wangekuwa langoni kwa Mama Kiden muuza chai, na safari hii hawakuwa wanafuata chai.

Sajini Jedidah alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena, kana kwamba nayo ni mtuhumiwa anayeweza kubadilisha maneno akibanwa. Saa saba na dakika ishirini.

"Tuna saa tatu," alisema.

"Saa tatu na risasi nne," akajibu Koplo Dut, aliyekaa kwenye kigoda langoni, miguu mirefu hata magoti yakamkaribia masikio. "Nimezihesabu mara mbili, sajini. Hazizai."

Gari pekee la kituo lilikuwa limekwenda Rejaf na waombolezaji, kulinda amani. Amani ikaondoka na maiti. Kumtembeza Mama Kiden kwa miguu hadi kituoni kungekuwa sawa na kupitisha nyama mbele ya mbwa, basi mama wa watu akabaki uani kwake, akisuuza vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa tayari kuvigusa.

Alhamisi asubuhi Loro, kibarua wa kila kazi, alikunywa chai kwenye benchi la Mama Kiden, akaaga, akatembea hatua ishirini. Mate yakaanza kumtoka kama mtoto anayeota meno. Saa tano alikuwa ameshakufa. Wenzake wawili wa benchi lile lile, Pal fundi wa pikipiki na Lilly mshonaji, walikuwa bado wamelazwa.

"Mboni zao zimekuwa ncha ya sindano," daktari alimwambia Jedidah. "Hii ni dawa ya wadudu, ile ya shambani. Mate, jasho, machozi, misuli inarukaruka, halafu pumzi inakwisha."

Jedidah alikuwa ameipekua nyumba ya Mama Kiden mara mbili, hadi chini ya mawe ya jiko, asiione hata chupa tupu ya dawa. Lakini nani aliyejali chupa? Mtaani pale mwanamke akishatajwa kuwa ana sumu, hakuna anayemwuliza kainunua duka gani. Husemwa kairithi kwa mama yake, na mazungumzo huishia hapo.

"Tuanze tena, Mama Kiden."

"Mwanangu, mimi nasema mpaka mdomo imechoka."

"Utapumzika baadaye. Loro alikunywa vikombe vingapi?"

"Moja tu."

"Vijiko vingapi vya utamu?"

"Tano. Yule si mtu, yule nyuki."

"Pal?"

"Mbili."

"Lilly?"

"Moja. Lilly anaogopa kunenepa."

Jedidah aliandika kwenye daftari. Vitano: amekufa. Viwili: hali mbaya. Kimoja: leo ameomba uji. Akayatazama maandishi yake na nywele za kisogoni zikamsimama. Sumu ilikuwa imetii vijiko kama mtoto mwenye adabu.

"Na wewe mwenyewe, vingapi?"

"Mimi hapana weka sukari. Mimi iko na ugonjwa ya sukari tangu tukiwa wakimbizi kambini Uganda. Yangu ni chai kavu."

"Umewaambia ndugu zake Loro?"

"Nani ameuliza? Wao wanasema tu, mtazameni, yeye hakunywa."

Jedidah akainamisha kichwa na kushusha sauti. "Mkebe wako wa sukari tuliuchukua kama ushahidi. Jana asubuhi nikakuta wenzangu wa zamu wameitia sukari hiyo kwenye chai. Wote wazima."

"Ilikuwa nzuri," alisema Dut kutoka langoni, bila kugeuka.

"Basi sukari ni safi, lakini sumu imefuata vijiko. Mama, Alhamisi vijiko vyako vilichota nini?"

Mama Kiden aliacha kusuuza. Akaingia jikoni na kutoka na birika lililovunjika mdomo, limefunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kitu kizito, cheusi kidogo, kinachong'aa.

"Sukari imepotea sokoni wiki mbili," alisema. "Ile ya mkebe nilificha kwa wageni wakubwa. Hawa wa kila siku niliwafanyia kama kambini. Mti ikitoa ule utamu kwenye majani, unakata matawi, unaosha majani kwa maji, unachemsha mpaka inakuwa asali."

"Asali ya mti."

"Eeh. Hii nilipika Jumatano jioni."

"Na tangu Alhamisi unanificha?"

Mama Kiden akafunika uso kwa kanga. "Niseme nini? Niseme nawapa watu mavi ya wadudu, halafu nawaambia ni sukari imetoka Uganda? Nilikuwa na haya, mwanangu."

Mama huyu alikuwa radhi achomwe moto kuliko wateja wajue walichokoroga.

*

Mti wenyewe, mpera, ulikuwa nyuma ya jiko, shina lake upande wa Mama Kiden, nusu ya matawi yakivuka ua na kuegemea baraza la duka la Bille, Msomali muuza magodoro. Haukuwa na tunda hata moja. Majani yalimetameta kama yaliyopakwa mafuta. Jedidah aligeuza moja: chini yake walijazana wadudu weupe, laini, kama unga uliomwagika. Ndio wapishi wenyewe. Hunyonya utomvu wa mti kutwa kucha, na unaowazidi huutoa nyuma, matone matamu yanayodondokea chochote kilicho chini.

Utotoni kambini Jedidah alikuwa akipanda miti ya namna hii na wenzake, wakilamba majani mpaka ndimi ziwake. Sasa alisimama pale, mwanamke wa miaka arobaini, sajini wa upelelezi mwenye cheti ukutani, na kabla akili haijaamka ulimi ulikuwa umeshafika kwenye jani.

Utamu ulikuwa ule ule.

Ndipo akatazama chini kutafuta sisimizi. Mti wenye utamu huu haukosi sisimizi. Hupanda na kushuka foleni mbili, kama watu waliosikia kuna harusi. Foleni aliiona. Ilikuwa imelala. Kuzunguka shina lote palikuwa na sisimizi waliokufa, wengi, weusi, kama majani ya chai yaliyomwagwa.

Jedidah alitema mate. Akakimbilia mtungi, akasukutua, akatema, akasukutua tena, mara saba au nane. Kisha akasimama na kujisikiliza. Jasho lilikuwa likimtoka. Lakini ilikuwa Juba, mwezi wa tatu, saa nane mchana. Hata askofu alikuwa akitoka jasho. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Sumu au woga? Viwili hivyo hugonga mlango kwa mkono mmoja.

"Koplo! Njoo unitazame machoni."

"Sajini, mimi nina mke."

"Mboni, Dut! Ni kubwa au zimekuwa ndogo?"

Dut aliinama kutoka kule juu alikokuwa akiishi, akamkagua kwa makini. "Ni za kawaida. Zinaogopa tu."

"Nitazame tena kila baada ya robo saa. Nikianza kutokwa mate, nipeleke kwa daktari, usimngoje mtu."

"Na huyu mama je?"

Jedidah alirudi kwenye mti, safari hii mikono ikiwa nyuma kama mgeni dukani. Alichutama. Usawa wa goti, kwenye shina, aliona doa la buluu, duara, ukubwa wa kitufe cha shati. Akalikwangua kwa kalamu. Sabuni. Ile sabuni ya mche ya kufulia. Nyuma ya sabuni palikuwa na tundu lililochimbwa likiinamia ndani ya mti. Akazunguka shina: mawili, matatu, manne. Yote yamezibwa sawasawa, kwa utaratibu, kazi ya mtu asiyeonea haya anachofanya. Harufu kali ilimpanda puani, akajirusha nyuma.

Dawa haikuwekwa kwenye chai. Ilimiminwa ndani ya mti, mti ukaipandisha kwenye majani, wadudu wakainyonya na kuitoa pamoja na utamu wao. Na Mama Kiden, kwa mapishi yake ya kambini, akaosha majani ya kutosha kujaza birika, akachemsha maji yakaondoka. Alichobakiwa nacho kilikuwa kifo kilichokolea.

Nani alitoboa?

Sabuni ya buluu. Alikuwa ameiona, na si zamani. Alifungua mkoba wake, akatoa bahasha yenye vitu vilivyotolewa mifukoni mwa marehemu. Alikuwa ameviorodhesha Alhamisi bila kuvifikiria: simu moja, kitambaa kimoja, kipande cha sabuni ya mche, chuma kimoja kilichosokotwa. Akakitoa chuma. Kilikuwa ncha ya keekee, ile ya kutobolea mbao, na kwenye misokoto yake kumeganda vumbi la mti wenye magamba mekundu kama mpera huu. Akakiingiza kwenye tundu la kwanza. Kikaingia kimya, mpaka mwisho.

Alikaa chini vumbini. Muuaji aliyekuwa akimtafuta siku mbili alikuwa kwenye jeneza kule Rejaf, na kaka zake walikuwa wakimzika.

*

Bille alikuwa ameteremsha mlango wa bati wa duka hadi kiunoni. Jedidah akapita kwa kuinama. Jamaa alikuwa ndani, mnene, ndevu zimepakwa hina, amekaa juu ya godoro lililofungwa nailoni kama mtu anayengoja mafuriko.

"Nani ametibu ule mpera, Bille?"

"Mpera gani?"

"Huo unaokudondoshea gundi kwenye magodoro yako. Turubai lako la barazani limekuwa jeusi kwa ukungu, umelisugua nusu ukachoka."

"Walahi sajini, mimi nauza godoro. Mambo ya miti sijui."

Jedidah akamnyooshea jani. "Basi lamba hili. Ni tamu."

Bille aliruka nyuma hadi bunda la mikeka likamwangukia. Jedidah akangoja vumbi litulie.

"Mtu asiyejua huuliza kwanza kwa nini," alisema.

Bille aliondoa mkeka begani, mmoja, taratibu. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Ni Loro. Nilimwita Jumatatu. Wateja walikuwa wanashika godoro, mkono unanata, wanaenda zao. Akasema anajua dawa ya kuingiza ndani ya mti. Akaleta chupa, akatoboa, akaziba na sabuni."

"Hakukuonya?"

"Alisema, waambie majirani wasile mapera kwa wiki tatu. Sajini, umeuona ule mti? Hauna pera! Nikaona nikawaambie watu wasile kitu ambacho hakuna? Nikanyamaza. Alhamisi akarudi kuona kama wadudu wanaanguka. Nikamwambia, ndugu, nenda hapo kwa mama ukanywe chai, ni juu yangu." Akajipiga paji la uso. "Ni mimi nimemtuma."

"Na siku mbili hizi unasikia watu wakisema watamchoma huyo mama."

"Nimeona duka la binamu yangu likiteketea kwa sababu ya ugomvi wa mizani! Mimi hapa ni mgeni. Nikisema nilimwita tu, watasikia nilimwua. Nina mke wangu Safiyo nyumbani na watoto wanne."

"Wakija nitawaeleza. Lakini hawataniamini bila mtu aliyemwona Loro akitoboa, na aliyemwona ni mmoja."

"Usiniombe hilo. Chochote kingine, sajini, si hilo."

Jedidah akatoka. Nyuma yake bati likashuka hadi chini, kufuli likalia.

*

Walikuja saa kumi kamili, mapema kuliko hesabu ya watu. Malori mawili, yamejaa, gari la kituo halionekani nyuma yao, na hakuna anayeimba. Hilo ndilo lililomtisha Jedidah. Waombolezaji wanaoimba watachoka. Wanaonyamaza wamekwisha kukubaliana. Koplo Dut aliinuka, goti moja kisha la pili, akasimama katikati ya lango na bunduki yake ikielekea ardhini.

Mbele alitembea Lukudu, kaka mkubwa wa marehemu, seremala, udongo mwekundu wa kaburi bado umeshika viatu vyake. Mkononi alikuwa na jerikani. Harufu ya petroli ilimtangulia.

"Pole kwa msiba, kaka Lukudu," alisema Jedidah.

"Asante, madam. Toka hapo."

"Nipe dakika tano."

"Ndugu yangu hakupewa." Lukudu hakupaza sauti. Alimtazama Mama Kiden aliyesimama mlangoni mwa jiko. "Mama, sisi si wanyama. Tunafuata njia ya wazee. Ulichompa ndugu yangu, kinywe mbele yetu. Ukimaliza kikombe ukasimama, sisi tunakwenda nyumbani. Kalas, imekwisha."

"Anywe! Anywe!" sauti zikapokea kutoka nyuma.

Na Mama Kiden, Mungu amsamehe, akalishika birika. "Nitakunywa, mwanangu. Nimechoka na kuogopa."

Jedidah alimpokonya. Asali nzito ikamrukia kifundo cha mkono, akaipangusa kwenye sketi kama mtu aliyeguswa na kaa la moto. "Akinywa atakufa!" alipiga kelele, na akasikia sauti yake ikipasuka. "Mimi nikinywa nitakufa. Lukudu, ukinywa wewe utakufa, na hakuna hata mmoja wetu mwenye hatia. Dawa hii haijui mkosaji."

Akawaeleza. Matundu, sabuni, wadudu, majani, sisimizi. Alieleza harakaharaka, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona maneno yake yakianguka chini bila kufika.

"Mti umeua mtu!" mmoja akacheka. "Haya, koplo, ukamate mti!"

"Una pingu za ukubwa huo?" akadakia mwingine.

Lukudu hakucheka. "Unaniambia ndugu yangu amejitia sumu mwenyewe."

Jedidah akainua ncha ya keekee. "Hii ilikuwa mfukoni mwake. Inaingia kwenye matundu."

"Ncha ni ncha. Juba nzima iko nazo. Nani alimwona akitoboa?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Jedidah alihisi mate yakimjaa mdomoni na hakujua kama ni dawa imefika au ni hofu. Jina lilikuwa ulimini. Angelitamka, umati wote ungegeukia lile bati, na Mama Kiden angepona. Na juu ya magodoro yale mtu mnene mwenye watoto wanne angeungua kabla hajamaliza kuelezea. Alilimeza.

"Yupo aliyemwona," alisema. "Simtaji. Akitaka, atatoka."

Lukudu alingoja kwa heshima, kama mtu anavyongoja sala ya mwenzake imalizike. Kisha akafungua kifuniko cha jerikani.

Kufuli likalia. Bati likapanda kwa kelele ya kukera meno, na Bille akatokea, mikono juu, mkono mmoja umeshika mfuko wa plastiki wenye chupa yenye alama nyekundu. Miguu yake ilikuwa ikitetemeka waziwazi ndani ya kikoi.

"Ni mimi nilimwita Loro," alisema. "Kutibu mti. Alinituma niwaambie majirani. Sikuwaambia. Huyu mama hakujua kitu, walahi. Hakujua kitu."

Kijana mmoja akaokota jiwe. Lukudu akainua kiganja bila kumtazama, na mkono wa kijana ukabaki hewani.

"Alitoboa kwa kifaa gani?"

"Keekee ya mkono. Ya zamani. Mpini umepasuka, umezungushiwa mpira mwekundu, ule wa baiskeli."

Lukudu alifumba macho.

"Ni yangu," alisema hatimaye. "Niliifunga mwenyewe. Jumatatu asubuhi aliniomba, nikamwambia, usiipoteze."

Jambo lingeweza kuishia hapo. Lakini Mama Kiden alikuwa amebeba neno siku mbili na sasa likamshinda. "Vijiko ilikuwa tano," alisema huku akilia. "Akasema, mama, bado si tamu. Nikaongeza ya sita. Yule mtoto alikuwa ananichekesha kila siku, ndiyo nikaongeza."

Jedidah alitamani ardhi immeze. Mama, nyamaza, alisema moyoni, nyamaza, jerikani liko wazi. Dut alihamisha uzito wa mwili wake kwa mguu mwingine.

Lukudu akatembea. Alimpita Dut kama anayepita mti, akaweka jerikani chini kando ya ua, akafunga kifuniko chake kwa uangalifu, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja.

"Washa moto, mama."

"Moto ya nini?"

"Ya chai. Maji na majani tu."

Mama Kiden aliharibu njiti tatu za kiberiti kabla ya kuni kushika. Wanaume wa malori mawili wakasimama kutazama sufuria ikichelewa kuchemka. Jedidah aliyaona maji yakitoka kwenye mtungi aliousukutulia yeye mwenyewe. Aliona pakiti ya majani ikifunguliwa. Alijua kila kilichoingia kwenye kikombe kile, na bado akavihesabu upya.

Lukudu alipokea kwa mikono miwili. Akanywa bila kupumzika, chai ya moto ikimtoa machozi, mpaka mwisho. Akakipindua kikombe ili wote waone, akakirudisha.

"Kingine mpe huyu wa magodoro," alisema. "Anatetemeka mpaka ananitia baridi."